Jina la Bi Skolastika

Wajukuu wa Zuhura waliniuliza swali lile lile, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimjibu vile vile. Ilikuwa siku ya pili ya matanga, kijijini karibu na Horohoro, nami nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, magoti yananiuma. "Shikamoo bibi. Samahani, wewe ni nani kwa marehemu?" Nikawajibu, "Marahaba. Mie ni somo yake." Wakatazamana. Kwa watu wa pwani somo ni mtu mliyepewa jina moja, na vijana hao walikuwa wameshamsikia mwanangu aliyenileta akinitambulisha kwa jina la Skolastika. Rozari nilikuwa nayo shingoni kama siku zote. Na marehemu ni Zuhura, mama wa Kiislamu aliyezikwa kwa heshima zote za dini yake, na vijana wale hawajapata kumsikia akiitwa jina jingine. "Bibi wa watu amechanganyikiwa," mmoja akamnong'oneza mwenzake, akidhani masikio yangu nayo yamezeeka kama magoti. Sikukasirika. Nililia kidogo, nikacheka kidogo, nikaomba maji ya kunywa, na tangu nirudi nyumbani Tanga sina raha mpaka niyaandike haya, kwa sababu aliyebaki anayeyajua ni mie peke yangu.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, nami nina miaka kumi na sita au kumi na saba. Ya wazazi wangu na ya kambi ya mkonge nilikokulia nayaacha, yana mahali pake. Ninachotaka kukisema hapa ni kwamba niliingia Tanga mjini nikiitwa Chausiku, nikiwa na furushi moja na barua ya Mwalimu Petro, aliyekuwa akifundisha dini huko kambini na hapo mjini. Barua ilisema nipokewe kwa Bi Skolastika wa Usagara, nimsaidie kazi huku nikiendelea na mafundisho ya ubatizo, ili nibatizwe Pasaka inayofuata. Bi Skolastika ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za kanisa: kanzu nyeupe za padre, vitambaa vya altare, na zile nguo za watumishi wa misa ambazo kila Jumapili zilirudi na matone ya nta. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alinisoma kuanzia kichwani hadi miguuni kabla hajaisoma barua, kisha akasema, "Mikono yako hebu." Nikamwonyesha. Akaigeuza, akaitazama kucha kwa kucha. "Haya, weka furushi. Lakini ukiniunguzia kitambaa cha altare, utarudi mkongeni kwa miguu."

Chumba chetu kimoja nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyokaa baadaye, na nimekaa nyumba nyingi. Mlango ulifunguka uani. Kushoto kitanda chake cha kamba, kulia mkeka wangu, na katikati ile meza ndefu ya kupigia pasi, iliyochukua nafasi kubwa kutushinda sisi wawili. Juu ya meza kulikuwa na blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili na pasi ya mkaa yenye jogoo mdogo wa shaba kwenye kifuniko. Chumba kizima kilinuka wanga wa muhogo, moshi wa mkaa na nguo safi, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia popote natulia kama mtoto aliyenyonya. Tulikula hapo hapo chini, baada ya kazi. Bada, ule ugali wa muhogo, na mchicha wa nazi, siku nyingine mchuzi wa papa mkavu, asubuhi uji wenye pilipili manga mpaka pua inatoka maji. Bi Skolastika hakupenda kuongea akila. Alipomaliza, alilamba vidole, akasema, "Tumshukuru Mungu," kisha ndipo mdomo ukafunguliwa, na hapo ilikuwa huwezi kupata nafasi ya kuingiza neno.

Sasa nieleze ile desturi, maana bila hiyo hakuna mtakachokielewa. Wanawake Wakristo wa mtaa wetu walikuwa wachache, wametoka huku na huko, Wabondei, Wasambaa, na wale waliofuata kazi za mashambani kutoka mbali. Ndugu hawana. Basi wakajitungia utaratibu wao: msichana akibatizwa, mama wa ubatizo humpa jina lake mwenyewe. Wakishakuwa jina moja ni somo, na usomo wao ni wa kweli, wa kuuguzana, kuozana na kupokeana watoto. Wala mwanamke hakutoa jina lake mara mbili. Alimpa mmoja tu, na kwa huyo alikuwa amemaliza. Padre hakujua habari hiyo hata chembe. Alikuwa Mzungu mpole mwenye ndevu, akiona kila mwaka akina Monika wanazaa akina Monika, akina Anastasia akina Anastasia, akafikiri ni mapenzi tu ya watakatifu hao. Sisi wasichana wa mafundisho mwaka ule tulikuwa saba. Wanawake ambao majina yao yalikuwa bado hayajatoka walikuwa sita, na kabla ya Krismasi wote sita walikwisha chukuliwa. Niliyebaki ni mie, niliyekuja mwisho.

Aliyenipa moyo alikuwa mjinga mmoja katika wale wenzangu sita. Akaniambia, "Weye unahangaika nini? Si unakaa na Bi Skolastika? Muombe." Nikangoja siku aliyokuwa na furaha, siku padre alipozisifu kanzu zake, nikapiga magoti pale uani anapokoroga wanga. "Mama," nikasema, "naomba uwe mama yangu wa ubatizo." Mwiko haukusimama. Akakoroga mpaka wanga ukaiva, akauteremsha, ndipo akasema, "Nitakusimamia ukitaka. Lakini jina langu sina. Nilishalitoa." Nikauliza alimpa nani. "Alilipata aliyelipata," akajibu, "na hilo ndilo swali lako la mwisho." Nikainuka na magoti yangu yenye majivu.

Labda mtu wa leo ataona nilikuwa nasumbuka bure, na kusema kweli hata Mwalimu Petro aliona hivyo. Alikuja nyumbani mwanzo wa Kwaresima na kalenda ya kanisa mkononi, mwanaume mrefu mwenye haya, akasimama mlangoni akijikuna shingo. Masista walikuwa wanachukua wasichana wa kufundishwa ukunga baada ya Pasaka, na masharti yao yalikuwa mawili: ajue kusoma, awe amebatizwa. "Nimewapa jina lako waliandike, Chausiku. Usipobatizwa mwaka huu, nafasi inakwenda. Basi chagua hapa. Agata. Lusia. Hili nalo, Fabiola, zuri sana. Mungu hajali." Nikamwambia sitaki jina la kalenda. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Nilikuwa nimefika mji ule sina mtu, wenzangu sita kila mmoja alikuwa sasa ana mlango wa kubisha hodi akiwa na homa, na mie niambiwe nichukue jina la mtu aliyekufa Roma zamani, asiyejua kwamba napenda ukoko wa wali. Nilitaka jina lenye mtu ndani yake, anayekula na kugomba. Nilitaka la yule aliyeikagua mikono yangu siku ya kwanza. Ukaidi huo sijui niliutoa wapi, ila nilimjibu mwalimu wangu kwa adabu zote kwamba nitangoja hata miaka kumi. Aliondoka akiwa na kalenda yake, ameudhika kidogo.

Basi nikaanza kumtumikia Bi Skolastika kwa hila. Niliamka kabla yake, nikawasha mkaa, nikachota maji, nikajifunza kupiga pasi ile lesi ya altare bila kuivuta. Vidole vikaungua, nikavificha. Nikidhani nitamlainisha. Yeye akawa ananitazama tu kwa jicho la pembeni, siku moja akasema, "Mwanangu, mbona unanifanyia kazi kama unayetaka kuniibia?" Nilitamani meza inifunike.

Kilichonifumbua macho nilikisikia ukutani. Jirani yetu alikuwa Bi Kulsum, Mhindi wa Kiislamu, ambaye yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa na vifungo mbele ya nyumba yetu. Yeye na Bi Skolastika walikuwa marafiki wa kugombana. Kila alasiri Bi Kulsum alikuja na kikombe chake mwenyewe cha chai, akakaa kizingitini, wakawasema watu. Alasiri hiyo mie nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo, wao hawana habari nami.

"Mume wangu amemwona tena mtoto wako," Bi Kulsum akasema. "Juzi, akitoka Mombasa na lori. Pale Horohoro. Ana duka la chai na mumewe. Ana mtoto mgongoni, mnene!"

Kisha sauti ya Bi Skolastika, ndogo, sikujua kama anayo sauti ndogo kiasi hicho. "Wa kiume?"

"Wa kike. Siku hizi yeye anaitwa Zuhura. Kaolewa, kasilimu, basi. Alimuuliza mume wangu, Bi Skolastika hajambo? Halafu akageuka kufuta meza."

"Mbona haji?"

"Anaona haya, Skola. Ulimpa jina, kaenda kuchukua jingine. Na weye mkali. Sasa jina lako lipo bure. Mpe huyu kijana wako anayejiunguza vidole. Unafikiri hatuoni?"

"Siwezi, Kulsum. Nikimpa huyu, yule akirudi nitamwita nani?"

Nilisimama na kitambaa cha altare kifuani. Miezi yote ile nilidhani kwamba ananinyima kwa hasira, au kwa kuniona mtoto wa kambini. Kumbe alikuwa amemwekea mtu mahali pake. Niliona haya, halafu niliona wivu, tena wivu mkali, siwezi kuficha: kuna msichana amepewa kile ninachokililia, akakiacha, na bado kinamngoja. Usiku bada yangu niliiacha nusu. Bi Skolastika akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Wiki ile ile mume wa Bi Kulsum alikuwa anasafiri tena kwenda Mombasa. Nikamfuata alipokuwa akifunga turubai la lori, na hapo ndipo nilipotenda dhambi yangu kubwa ya Kwaresima ile. "Baba," nikamwambia, "ukipita Horohoro mwambie Zuhura kwamba Bi Skolastika ni mgonjwa." Akashtuka. "Mgonjwa? Si nimemsikia asubuhi akimgombeza muuza samaki?" Nikasema ni ugonjwa wa ndani. Hilo nilijitetea nalo baadaye, kwamba halikuwa uongo wote. Sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo. Nilitaka tu aje, wamalizane, mie nijue moja, kama jina lina mwenyewe au halina.

Akaja Jumatano kabla ya Pasaka, saa nne asubuhi. Tulisikia lori, kisha mbio, kisha kilio. Binti mwembamba wa miaka kama ishirini, buibui limeteleza mabegani, mtoto mgongoni anarukaruka, akaingia uani analia, "Jamani somo yangu! Somo yangu!" Bi Skolastika alikuwa mezani, pasi mkononi, anapiga kanzu ya padre ya Alhamisi Kuu. Wakatazamana. Binti akamwona mzima, mashavu yanang'aa kwa jasho. "Hujambo?" akauliza kwa mshangao. "Sijambo," Bi Skolastika akajibu kwa mshangao zaidi. "Nani kafa?" Ndipo mume wa Bi Kulsum, masikini, aliyekuwa amemfuata na kikapu, akasema ameambiwa na yule msichana pale kwamba mgonjwa ni mahututi. Neno mahututi lilikuwa lake, mie sikulitaja. Macho yote yakanigeukia, nami nikajificha nyuma ya kanzu za kanisa zilizotundikwa.

"Weye Chausiku! Unaniua ningali hai? Tena wiki hii, wiki hii takatifu, na weye mtu wa kubatizwa?" Alinigomba mpaka majirani wakatoka. Alinigomba kwa Kibondei alipoona Kiswahili hakitoshi. Katikati ya kugomba tukasikia harufu, na pasi ilikuwa imebaki kwenye kanzu. Bi Skolastika akaiinua kwa ukelele. Alama ya hudhurungi, ukubwa wa jani, hapo kwenye pindo la nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyeunguza, mwanamke ambaye hakupata kuunguza hata leso. Aliitazama ile alama, akamtazama Zuhura, akanitazama mie. Kisha akakaa chini, akaanza kucheka, na katika kucheka akalia, na mtoto mgongoni kwa Zuhura naye akalia kwa hofu. "Nipe huyo," akasema, na akanyoosha mikono.

Nilitumwa kununua samaki, nadhani ili niondoke, lakini nilikimbia kwenda na kukimbia kurudi, na mazungumzo yenyewe sikuyakosa. Zuhura alikuwa amefungua kikapu. Ndani kulikuwa na kile kitambaa cheupe alichotandwa kichwani siku ya ubatizo, alichoshonewa na Bi Skolastika, kimefuliwa na kukunjwa. Alikuwa amekichukua kwa kuogopa kwamba somo yake atakufa na yeye hajakirudisha. "Nimekuletea jina lako," akasema, kichwa chini.

"Mie nilikuambia nirudishiwe? Jina si sufuria, mwanangu, ukaliazima ukalileta likiwa limesuguliwa. Umeolewa na mtu wa dini nyingine, haya, sikupenda, wala sikufichi. Nililia. Lakini kilichoniuma si Zuhura. Kilichoniuma ni kwamba nilirudi kutoka kanisani na nguo, nikakuta mkeka wako umekunjwa. Hukuniaga."

"Niliogopa utanizuia."

"Ningekuzuia! Ningekuzuia, ukang'ang'ania, nikakupikia, ukaenda umekula."

Nikaweka samaki chini na kutaka kutoka. Zuhura akaniuliza ni kwa nini nilisema ule uongo. Sikuona faida ya kuongeza mwingine. Nikamweleza yote, hesabu ya wasichana saba na wanawake sita, masista, kalenda, na jinsi nilivyomwonea wivu. Nilisema, "Nililitaka jina lako. Sasa nimekuona, silitaki tena. Nitachukua Agata." Nilikuwa nalia kwa kelele za aibu, kamasi na yote. Zuhura alinisikiliza huku akipangusa mdomo wa mtoto. Akamgeukia Bi Skolastika, akasema taratibu, "Mama, umesema jina ni langu, hulichukui?" "Silichukui." "Basi kama ni langu, mie nampa huyu. Naruhusiwa?"

Katika utaratibu wote waliojitungia wanawake wale, jambo hilo hakuna aliyelifikiria. Bi Kulsum, ambaye hakuna aliyemwona akiingia, akasema kutoka kizingitini, "Mbona sawa kabisa," akanywa chai yake. Na hivyo ndivyo nilivyopata jina langu la Kikristo, kutoka mkononi mwa mwanamke wa Kiislamu, shahidi akiwa Mhindi wa vifungo. Kuhusu dhambi yangu, Bi Skolastika alisema nina bahati, maji ya ubatizo yataiosha pamoja na nyingine zote, ila nisithubutu kukaa Ijumaa nzima nikiongeza.

Siku zile ibada ya Jumamosi Kuu ilifanywa asubuhi. Padre alivaa kanzu yenye alama pindoni, na hakuna aliyeiona isipokuwa sisi wawili. Aliuliza kwa Kilatini, Mwalimu Petro akageuza kwa Kiswahili: "Jina lako nani?" Mkono wa Bi Skolastika ulikuwa begani kwangu, mzito na wenye joto. Nikajibu, "Skolastika." Mwalimu Petro akaniangalia mara moja juu ya kitabu, akatabasamu kwa haya. Maji yalikuwa baridi, yaliingia sikioni. Nilifikiri nitalia, lakini nilisikia furaha tu, furaha iliyotulia, na njaa. Kitambaa nilichotandwa kichwani ni kile kile kilichotoka Horohoro.

Zuhura hakuja kanisani. Alibaki nyumbani kutupikia, na tuliporudi tulikuta uani kunanuka wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka paka wa mtaa mzima wamekusanyika. Lori lilikuwa linamrudisha Jumatatu, mumewe amempa ruhusa hadi siku hiyo. Mie nikaketi chumbani na nguo yangu nyeupe nikiogopa kuichafua, yeye alikuwa upande wa pili wa pazia tulilomtundikia, anambadilisha mtoto. Bi Skolastika alikuwa nje jikoni, sufuria kubwa motoni, na mikono yake miwili haikutosha. Akaita kwa ile sauti yake ya kuvuka barabara:

"Skolastika!"

"Bee!" nikaitika.

"Bee!" akaitika Zuhura, wakati ule ule, kutoka nyuma ya pazia.

Nilimwona Zuhura ametoa kichwa, mkono mdomoni, macho yamemtoka kwa kushtukia alichofanya. Bi Skolastika akaja mpaka mlangoni na mwiko unadondoka mchuzi, akatutazama, mmoja, halafu mwingine, akapitisha mgongo wa mkono machoni, akasema ni moshi.

"Mmoja anishikie sufuria," akasema, "mwingine amlete mtoto."

Hakusema nani afanye nini, nasi hatukumuuliza.